Nyuma ya Jiko la Mama Ghati

Mwanangu na wenzake watatu wana mchezo wao wa mezani. Kila Jumamosi wanaikalia meza yangu ya chakula tangu asubuhi mpaka niwafukuze. Mmoja anasimulia, na wengine kila mmoja ana mtu wake mwenye jina, kazi na tabia yake. Wanarusha vidude vyenye pande nyingi kuamua nani kapona na nani kaumia, na pembeni wana kitabu kinene cha sheria ambacho mwanangu anakisoma kuliko vitabu vya shule. Mimi huwa sina habari nao. Siku moja nilikuwa jikoni nakata vitunguu nikawasikia wanabishana. Mtu wa mmoja wao alikuwa amefiwa na mwenzake ndani ya pango, akataka wasimame wamzike kabla ya kusonga mbele. Mwanangu, ambaye ndiye msimuliaji, akapekua kitabu na kusema, "Kuzika hakuna kwenye sheria. Hupati kitu kwa kuzika. Twende."

Niliweka kisu chini. Nilitoka na vitunguu mkononi nikamwambia, kwa sauti ambayo hata mimi sikuitegemea, "Mwache azike."

Wakanitazama wote wanne. Meza ilikuwa mpya, ya msonobari, bado inanukia mbao, na harufu ile ilinipanda kichwani nikarudi jikoni bila kueleza lolote. Sijamweleza mpaka leo. Naandika hapa kwa ajili yenu wa rika langu, mliocheza kwenye vumbi na vifuniko vya soda. Mtanielewa au mtanihukumu, na vyote viwili nastahili.

Baba yangu alikuwa seremala. Babu alitoka Tanga na msumeno wake akaishia Tarime mjini, na sisi tulizaliwa Bomani, nyuma ya maduka, katika nyumba ya kupanga yenye ua mmoja na bomba moja. Kwetu tulizungumza Kiswahili tu. Dhahabu ilipopamba moto kule vijijini, upande wa Matongo, baba hakwenda kuchimba. Alifuata milango.

Mtu wa kule haulizi maana ya milango, lakini wengine niwaeleze. Zilienea habari kwamba mgodi utapanuka na miji ya watu, yaani maboma yao, itahamishwa, na kila mwenye mali atalipwa fidia. Basi watu wakaanza kutegesha. Mtu anajenga haraka haraka nyumba ambayo hatalala humo hata siku moja, anapanda miti kwa mistari iliyobanana, ili mthamini akipita akute mali nyingi. Ikasemwa kwamba nyumba yenye mlango inaandikwa nyumba, isiyo na mlango inaandikwa banda. Sijui kama ilikuwa kweli, na baba hakuuliza. Alifunga randa na misumeno yake, akamwacha mama na wadogo zangu Bomani, akanichukua mimi nimpikie chai na nisome shule ya huko. Tulipanga chumba kwa Mama Ghati.

Mama Ghati alikuwa mwanamke mrefu, mwenye maneno machache. Mumewe alishinda machimboni na kurudi nyumbani akiwa mweupe kwa vumbi la mawe mpaka kwenye kope. Walikuwa na watoto wawili, Mwita aliyenizidi miaka miwili, na Ghati aliyekuwa rika langu. Tulikuwa na miaka kumi hivi. Alikuwepo na wa tatu, Marwa, aliyefariki akiwa mchanga miaka kadhaa kabla hatujafika. Alizikwa nyuma ya jiko, tuta dogo la urefu wa mkono wangu, na mawe matatu ya mtoni juu yake. Mama Ghati akiamka alianza kufagia pale, kisha ndipo anafagia uwanja. Hakuna aliyeniambia kwa nini. Nilijua tu, kama wote pale nyumbani walivyojua. Hilo naomba mlishike: nilijua.

Mchezo tuliuanzisha kwenye karakana ya baba, ambayo ilikuwa mabati manne juu ya nguzo. Baba alikuwa na mlango mmoja uliopinda, umekosa mteja, ameulaza juu ya matofali. Tukachora juu yake kwa chaki kijiji kizima, mto, barabara, na mji wa kila mtu. Vipande vya mbao vilikuwa nyumba, njiti zilikuwa miti, vifuniko vya soda vilikuwa ng'ombe. Tulipasua bua la mtama tukapata vipande vinne, upande mmoja mweupe na upande mmoja wa ganda. Ukirusha, unahesabu vyeupe. Mchezo tuliuita Tathmini, na mimi ndiye niliyekuwa Mthamini siku zote, kwa sababu mlango ulikuwa wa baba yangu na Kiswahili changu kilifanana na cha redioni.

Mwita mtu wake alimwita Sajenti, jitu la mabavu lenye wake wawili na bunduki. Ghati alichagua mjane. Jina lake Bibi Wankuru, na mali yake yote ilikuwa kibanda na mbuzi mmoja kipofu.

"Asubuhi imefika," nasema mimi. "Gari linasikika kule barabarani. Mtu wako anafanya nini?"

"Sajenti anapanda miti ishirini," anasema Mwita.

"Rusha."

Anarusha, vinatoka vyeupe vitatu, namwandikia miti kumi na mitano. Kisha namgeukia Ghati.

"Bibi Wankuru anamtoa mbuzi nje," anasema Ghati. "Mbuzi anasikia nini?"

"Mbuzi hana cha kusikia."

"Ni kipofu. Lazima asikie."

"Mbuzi mmoja pointi moja, awe anaona, awe haoni."

Ghati hakukasirika. Aliendelea mwenyewe, taratibu, kwa Kiswahili chake cha shule kilichochanganyika na Kikurya. Anasema mbuzi amesikia mashine ya kusaga mawe, ameogopa, ameingia kwenye shamba la Sajenti na kula miche miwili. Bibi Wankuru amekwenda kuomba radhi na amebeba maziwa kwenye kibuyu. Mwita anacheka, anajibu kwa sauti nzito ya Sajenti, na mara wanaongea wao wawili kana kwamba mimi sipo. Kile kijiji cha chaki kilikuwa kinaamka kila Ghati akifungua mdomo. Mimi na orodha yangu ya pointi tulikuwa tumekaa pembeni, tukisubiri.

Niliona wivu. Kwa hiyo kila siku niliongeza sheria. Neno la Mthamini halirudiwi. Ukidanganya kitu kimoja, unafutiwa mji wote. Hii ya pili niliitumia kwa Mwita mara moja, aliposogeza mti kwa kidole akidhani sioni. Nilifuta mji wa Sajenti mzima kwa kiganja, nyumba, wake, na bunduki. Mwita alitoka nje akapiga teke debe, akakaa siku mbili bila kusema nami. Aliporudi alicheza kwa adabu. Nilijifunza kitu kibaya siku ile. Niliamini hata Mthamini wa kweli, yule tuliyemngoja wote, anafanya kazi hivyo hivyo. Anakuja na kiganja chake, alichokiandika kipo, na asichokiandika hakipo.

Siku moja wateja wa baba walikuwa wanazungumza wakingoja milango yao. Mmoja akasema makaburi nayo yanaandikwa, na wenye ndugu zao wanasaidiwa kuwahamisha kwa heshima. Mzee mwingine akasema hilo ndilo peke yake analolitaka, mengine wachukue. Mimi nilichosikia ni pointi. Jioni ile nikatangaza: kaburi ni pointi tano, ila lazima liwe na msalaba, tena namba.

Ghati alikuwa ameshika vile vipande vya bua. Hakurusha.

"Bibi Wankuru ana mtoto amelala nyuma ya jiko," alisema. "Hana msalaba. Ana mawe matatu."

"Hana alama," nikasema. "Hahesabiki."

Aliweka vipande chini akaenda kuchota maji. Mwita alinitazama, akasema, "Wewe mtoto wa fundi una roho ngumu," akamfuata. Nilibaki na mlango wangu na kijiji changu. Nilijisifu moyoni kwamba sheria imeshinda.

Kisha baba akampata mteja asiyejali mlango uliopinda, kwa kuwa nyumba yenyewe hakuna atakayeifungua. Aliuranda, kijiji chetu chote kikatoka maranda meupe, wakaubeba kichwani wakaenda. Tukabaki hatuna ubao. Mama Ghati wakati huo alikuwa amekwenda Mugumu kumhudumia dada yake aliyejifungua. Nikasema tuhamie chini, nyuma ya jiko, ambako udongo ulikuwa laini na umefagiwa vizuri. Wazo lilikuwa langu. Niliona pale pazuri kwa mchezo.

Ardhini kila kitu kilikua. Nyumba zilikuwa za udongo, kubwa kama viatu vya mtu mzima. Miti ilikuwa matawi ya kweli. Na makaburi, nikipima kwa mkono wangu kwa sababu sikuwa na kipimo kingine, yalitoka matuta madogo ya urefu wa mkono. Niliyajenga sita, matatu kwa Sajenti, matatu kwa Bibi Wankuru. Nilichukua vipande vya mbao vya baba bila kumwomba, na misumari yake midogo, nikagonga misalaba. Mtoto wa Kiislamu nimekaa nagonga misalaba, na sikuona tatizo. Kila mmoja nikauandika namba kwa chaki. Nilipomaliza nikarudi nyuma hatua mbili kutazama. Yalikuwa makaburi saba, na lile la saba peke yake halikuwa na msalaba.

"Hilo si la mchezo," alisema Ghati.

"Limo ndani ya uwanja. Kilichomo uwanjani kina sheria."

"Liache, Zuhura."

"Basi mji wote wa Bibi Wankuru naufuta. Na mbuzi."

Akamfunika mbuzi kwa kiganja. Nikaona nimempata, nikalainisha sauti kama nilivyomwona baba akilainisha kwa wateja. Nikamwambia akikubali msalaba, kuanzia kesho mbuzi atasikia. Nitamuuliza kila asubuhi mbuzi amesikia nini, na nitamwacha aseme mpaka achoke. Ghati aliyatazama yale mawe matatu kwa muda. Akatikisa kichwa kukubali, kidogo sana, na hakuweka mkono wake. Nilipiga mwenyewe, mara nne kwa kipande cha tofali, nikaandika saba.

Wathamini walikuja siku ya pili yake. Hawakututangazia, tulisikia gari tu, kama kwenye mchezo. Mwita akakimbia machimboni kumwita baba yake, lakini hakumpata. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa nao, lakini alipofika uwanjani kwetu, jirani alimshika kwa habari za mpaka na wakabaki mbele wanabishana. Baba yangu alikuwa karakanani ameshika randa. Mthamini alikuwa kijana mpole, mgeni kabisa wa mkoa ule, shati limelowa jasho mgongoni. Alipima nyumba, akahesabu miti, akazunguka jiko akiwa peke yake na fomu zake. Mimi na Ghati tulimfuata.

"Shikamoo."

"Marahaba. Hamjambo?" Kisha akayaona. Alichuchumaa, akasoma namba zangu moja baada ya nyingine, akagusa mbao mpya iliyokatwa juzi. Hakucheka. "Na haya nani ameyajenga?"

"Sisi," nikasema. "Ni mchezo wetu."

"Yote saba?"

Hapo Ghati akasema. Akiogopa, Kiswahili kilikuwa kinamkimbia, kwa hiyo alisema Kikurya, kwa sauti ya kusikika, na kidole chake kimenyooka. Alisema, yule pale ni Marwa wetu.

Mthamini akanigeukia mimi. "Anasemaje?"

Nilikuwa nimekaa kule zaidi ya mwaka. Kikurya cha namna ile nilikijua vizuri sana. Nimejitetea kwa miaka mingi kwamba niliwaza juu ya ile sheria yangu, kwamba akijua moja ni la kweli na sita ni ya uongo, atafuta mji wote wa Mama Ghati, nyumba na miti na kila kitu. Na ni kweli niliwaza hivyo, niliona kile kiganja kinapita. Lakini niliona pia baba yangu mbele pale, na mbao zake, na misumari yake, na ile saba iliyoandikwa kwa mwandiko wangu juu ya mtoto wa watu. Niliogopa kuchapwa.

"Anasema ni ya mchezo," nikajibu. "Yote."

"Una uhakika?"

Aliniuliza mara ya pili, msimlaumu yule kijana. Alinipa nafasi, na alinitazama usoni.

"Ndiyo."

"Makaburi siyo ya kuchezea, mama," akasema kwa upole. Akapiga picha moja, akaandika, akainuka na kujifuta magoti. Ghati alishusha kidole chake. Kiswahili alikisikia chote. Gari lilipoondoka aliniuliza swali moja tu.

"Kwa hiyo Marwa amefutwa?"

"Ni pointi tu," nikamwambia.

Mchana ule nilichukua jembe. Niliona Mama Ghati akirudi akaikuta misalaba, nimekwisha. Nikang'oa yote saba nikaichoma chini ya sufuria ya chai ya baba. Nikasawazisha matuta ya Sajenti, nikasawazisha ya Bibi Wankuru. Nilipofika kwenye lile la kweli nilisimama. Nilitaka kulibakiza. Lakini udongo wake ulikuwa umechimbuka niliposimika msalaba, na peke yake pale katikati ya udongo mpya lilionekana wazi kwamba limeguswa. Nikalisawazisha nalo. Yale mawe matatu nikayatupa kwenye mistari ya miti, moja huku, moja kule. Kisha nikafagia. Nilifagia vizuri, kwa mistari, kama yeye.

Mama Ghati alirudi jioni. Asubuhi nilimwona kwa upenyo wa dirisha akitoka na ufagio, akazunguka jiko. Alitoka akamwita Ghati, kisha Mwita. Mwita alisema tulikuwa tunacheza pale. Ghati hakusema kitu. Mama Ghati akatafuta mawe mengine matatu, akayaweka mahali alipodhani, akayasogeza hatua moja kushoto, akayasogeza tena. Nilikunywa chai.

Miezi ikapita, orodha ya fidia ikabandikwa kwenye ofisi ya kijiji. Makaburi ya majirani wa Mama Ghati yalikuwamo, la kwake halimo. Alikwenda kuuliza, na mimi na Ghati tulimfuata kwa kuwa tulikuwa tunatoka shule. Karani alipekua akasoma: makaburi ni ya mchezo wa watoto, amethibitisha mtoto wa nyumba hiyo mwenyewe.

"Mtoto yupi?" akauliza Mama Ghati.

"Imeandikwa binti wa mwenye mji. Alisema kwa Kikurya, ikatafsiriwa."

Mama Ghati hakuuliza nani alitafsiri. Alimgeukia Ghati na kumtazama. Ghati alinitazama mimi, sekunde moja, kisha akatazama chini. Neno la Mthamini halirudiwi, nilimfundisha mwenyewe. Nilikuwa nimesimama pale, hatua mbili kutoka kwao, na mdomo wangu ulikuwa mzima. Tulirudi nyumbani kwa mstari mmoja, Mama Ghati mbele. Hakumpiga. Ila kuanzia siku ile hakumruhusu Ghati kufagia nyuma ya jiko. Akishika ufagio kuelekea kule, mama yake aliuchukua mkononi mwake bila neno, na Ghati alisimama hapo hapo alipoachwa. Niliiona hiyo kila asubuhi mpaka tulipohama.

Walipoambiwa siku za kuondoka zimekaribia, Mama Ghati alisema hataki kuhesabiwa na mtu, atamhamisha mtoto wake mwenyewe. Baba yake Ghati na wazee wawili walichimba pale alipoonyesha. Udongo mwekundu tu. Akaonyesha pengine, hatua moja pembeni. Udongo. Alipoonyesha pa tatu, mzee mmoja aliweka jembe chini. "Mama, inatosha," alisema. "Hatuwezi kumchimba mtu kama tunatafuta dhahabu." Mama Ghati alipiga magoti akajaza udongo kwenye kopo la maziwa ya unga, akafunika kwa kitambaa. Wakahamia upande wa Serengeti, karibu na bwawa la Manchira. Sisi tukarudi Bomani, maana milango ilikuwa imekwisha. Pale nyuma ya jiko leo kuna kilima cha mawe yaliyotolewa ardhini, na huwezi hata kupasogelea.

Wiki mbili baada ya ile Jumamosi ya vitunguu, Mwita alinipigia. Mama Ghati amefariki. Nikapanda basi.

Ghati ni mwalimu siku hizi, na Kiswahili chake kinakishinda changu. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaniuliza habari za mwanangu. Nilisubiri aitaje siku ile, akanimiminia chai. Usiku kucha nilikaa na wanawake wa pale, kila mmoja akisimulia jinsi marehemu alivyokuwa na kopo lake kichwani pa kitanda. Mmoja akasema, bila kujua anakaa na nani, kwamba kuna mtoto wake alimuuza mdogo wake kwa mdomo, na mama hakuwahi kupona.

Kaburini mchungaji alikuwa kijana aliyehamishiwa pale karibuni kutoka kusini. Jeneza liliposhushwa, Ghati alisogea mbele na kopo. Akasimama ukingoni. Kisha akasema Kikurya, kwa sauti ya kusikika, maneno yale yale na kidole kile kile kimenyooka kuelekea kwenye kopo.

Mchungaji aliinama kwangu, niliyekuwa karibu naye. "Anasemaje?"

Watu wote pale walikuwa wameelewa isipokuwa yeye. Ghati angeweza kumwambia mwenyewe kwa Kiswahili safi. Hakumwambia. Alinigeukia akanisubiri, kwa uso ule ule wa miaka kumi.

"Anasema, yule pale ni Marwa wetu," nikasema. Nikarudia, kwa nguvu zaidi, na safari hii sikuishia hapo. Nikawaambia kwamba siku ile ya Mthamini Ghati alisema hivi hivi, kwamba mimi ndiye niliyegeuza maneno, kwamba mimi ndiye niliyesawazisha kaburi na kutupa mawe. Nikamwambia marehemu pia, nikilitazama jeneza, ingawa najua ni kichekesho kumwambia sasa. Hakuna aliyeninyamazisha. Wanawake wa jana usiku walishusha macho.

Ghati alisubiri mpaka nimalize. Akafungua kitambaa, akamimina udongo taratibu, akaligonga kopo kwenye kitako mpaka punje za mwisho zikaanguka.

"Umetafsiri vizuri," akaniambia kwa Kiswahili. "Siku zote nilijua unaweza."